Maji Yasifungwe

Katika kitengo kile kulikuwa na kiti kimoja ambacho hakuna aliyekipenda. Kilikuwa cha mbao, mguu mmoja umelegea, kimewekwa mbele ya meza ya mkuu mahali ambapo jua la alasiri humpiga mtu usoni. Walikiita kiti cha ubishi. Ukishaandika tathmini yako, ukaisoma mara ya mwisho ukaona imekaa sawa, ukaanza hata kufikiria chai, ndipo unapoitwa ukae pale uitetee rai iliyo kinyume na yako. Na si kuitetea kwa mdomo tu. Uitetee kama mtu anayetetea shamba la baba yake. Ukilegalega, tathmini haitoki mlangoni.

Kazi yao ilikuwa kupima vitisho. Si vitisho vya wezi wala vya wanasiasa, bali vile vizito vinavyotolewa na watu waliokwisha kuamua kuua wasiowajua: magaidi wanaodai kwamba wana sumu, wana vijidudu, wana miale ya kuangamiza mji mzima. Wapo askari wa kuwasaka watu wa namna hiyo, na wapo madaktari wa kuwatibu watakaoumia. Lakini kabla ya askari na kabla ya madaktari lazima awepo mtu wa kujibu swali fupi: hawa wanaweza kweli, au wanabweka tu? Ukijibu wanabweka nao wakauma, watu watakufa. Ukijibu wanaweza kumbe hawawezi, hofu yenyewe itamaliza kazi iliyoishinda sumu.

Mkuu wa kitengo alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Jengo zima lilimwita Bi Huenda, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akitamka neno "hakika". Wa ghorofa ya chini walisema hata ukimuuliza kama ameolewa atakujibu huenda. Yeye jina hilo alilijua, na lilimfurahisha.

"Afadhali niitwe Bi Huenda watu wakiwa hai," alisema, "kuliko Bi Hakika watu wakiwa kaburini."

Chini yake walikuwepo wengi, lakini wawili ndio waliokuwa mikono yake. Mmoja alikuwa mpelelezi mstaafu, mtu wa kitambi na kicheko, aliyeitwa Afande hata na mke wake. Wa pili alikuwa mkemia aliyefundisha chuo kikuu miaka mingi kabla ya kuhamia pale, nao wakamwita Mwalimu. Wanafunzi wake wa zamani walimpenda mno. Ukiandika nusu ya jibu kwenye mtihani wake, yeye aliiona nusu iliyobaki ikielea hewani, akakupa maksi zote. "Nilijua alichotaka kusema," ndivyo alivyojitetea kwa wakuu wa idara. Moyo laini ule ulimfuata mpaka kwenye kazi hii mpya, na wala hakujua kwamba ameingia nao.

Jumatatu asubuhi kituo kimoja cha redio kilipokea tishio. Kikundi ambacho serikali ilikuwa ikikifuatilia kilisema kwamba kabla ya wiki kwisha kitatia sumu maji ya mji mzima, na kwamba hakuna bomba litakalosalimika. Redio, kwa busara, haikulitangaza, ililipeleka serikalini. Siku hiyohiyo Afande na wenzake waliingia katika nyumba ya kupanga pembezoni mwa mji. Watu walikuwa wamekwisha kuhama, lakini waliacha simu moja, na ndani ya simu kulikuwa na rekodi ya sauti: mtu waliyemwita Fundi akiwaeleza wenzake jinsi alivyoitengeneza sumu hiyo.

Rekodi ikapewa Mwalimu. Alivaa visikizio, akafumba macho, akasikiliza. Alipofika mwisho aliirudisha mwanzo. Alisikiliza tena, na tena, na kila alipoirudia aliona mbele yake hatua zote zimepangika, moja baada ya nyingine, kama vyombo juu ya meza ya maabara. Jumanne asubuhi aliandika rai yake: nia wanayo, uwezo wanao, mji uko hatarini.

Na kwa kuwa ukuta una masikio, hata wino haujakauka habari ilikuwa imefika kwa waziri. Simu ya Bi Huenda ikalia. Waziri alitaka ushauri jioni ileile, na tayari alikuwa amewaita wahandisi wa bwawa wajiandae kufunga bomba kuu mpaka magaidi watakapokamatwa.

"Mheshimiwa, tathmini haijatoka," Bi Huenda alimjibu. "Bado haijakaliwa."

"Haijakaliwa na nani?"

"Na aliyeiandika."

Akaweka simu chini, akamgeukia Mwalimu. "Saa nane. Kiti kinakusubiri."

Mchana ule Mwalimu hakula. Alikwenda hospitali ya wilaya, mwendo mfupi kutoka ofisini, kumwona dada yake. Dada huyo ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Ndiye aliyeuza cherehani yake ili yeye asome. Sasa figo zake zilikuwa zimegoma, na kila baada ya siku kadhaa ilibidi alazwe kando ya mashine ya kusafisha damu, mirija miwili mkononi, kwa nusu ya siku.

Alimkuta ameketi kitandani akisubiri kupimwa uzito, kanga begani, akibishana na nesi kuhusu kiasi cha maji anachoruhusiwa kunywa.

"Umekuja na uso wa mtu aliyefiwa," dada yake akamwambia. "Nimekufa, sijaambiwa?"

"Dada, acha hizo."

"Wewe ndiye uache. Nesi, muone mdogo wangu. Kasoma mpaka nywele zimemkimbia, lakini kucheka hajafundishwa."

Nesi alicheka. Mwalimu akajaribu kutabasamu, kisha akamuuliza nesi kama anayeuliza habari za hali ya hewa, "Hivi mashine hizi zinatumia maji mengi?"

"Mengi? Zinayanywa kama ngamia, kaka yangu. Tena maji yenyewe mpaka yachujwe kwanza. Bomba likikauka, tangi letu linamaliza wagonjwa wa asubuhi tu. Wa mchana tunawarudisha nyumbani."

"Na wakirudi nyumbani?"

Nesi alimtazama dada kwanza, akapunguza sauti. "Mara moja watavumilia. Ya pili, tunaomba Mungu."

Mwalimu alirudi ofisini kwa miguu. Njiani alipita wanawake wakifua nje ya nyumba zao, fundi wa magari akinawa mafuta mikononi, watoto wa shule wakigombea bomba uwanjani, mmoja ameziba mdomo wa bomba kwa kidole ili maji yawarukie wenzake. Kila aliyemwona alikuwa ameshika maji. Hakuwahi kuliona jambo hilo. Na kadiri alivyotembea ndivyo moyo wake ulivyojigawa, upande mmoja ukisema, ulichoandika ni kweli, simama nacho. Upande wa pili ukisema, umemhukumu dada yako.

Saa nane alisimama mbele ya meza ya Bi Huenda, lakini hakuketi.

"Mama, leo mimi sifai kukaa hapa," alisema. "Kiti hiki kinataka niseme kwamba hawawezi. Na mimi natamani mno wasiweze. Dada yangu yuko kwenye mashine ya kusafisha damu. Maji yakifungwa, sijui. Nikianza kubisha, hutajua kama ninabisha kwa akili au kwa moyo. Hata mimi mwenyewe sitajua."

Afande, aliyekuwa dirishani na kikombe chake, aliacha kunywa.

Bi Huenda alivaa miwani, akamtazama. Mwalimu alitegemea karipio, au kuambiwa aende nyumbani. Badala yake uso wa mama yule ulilainika.

"Umefanya vizuri kusema kabla hujaulizwa," alisema. "Lakini usijione wa ajabu. Mimi nina mama mzee kule mtaani kwetu, bomba lake liko uani. Afande ana wajukuu wasiohesabika."

"Wanahesabika, Mama," Afande akasema, "ila hawatulii."

"Mtu asiye na mtu wake hapa mjini simtaki kwenye kitengo changu. Atakosa sababu ya kuwa makini. Kuwa na moyo si kosa, Mwalimu. Kosa ni kuuficha. Sasa tumeshaujua moyo wako uko wapi, tutautia kwenye hesabu." Akavuta kile kiti, akakigeuza kiangalie ukuta badala ya jua. "Leo hubishi na mtu. Leo wewe ndiye Fundi. Kaa."

Mwalimu aliketi.

"Nitaicheza rekodi kipande kwa kipande," Bi Huenda aliendelea. "Kila anachosema, wewe utaniambia mikono yako inafanya nini. Sharti ni moja: huruhusiwi kujua kitu chochote ambacho Fundi hajakisema. Ulichosoma wewe chuo kikuu kiache hapo mlangoni pamoja na viatu."

"Viatu pia?" akauliza Afande.

"Wewe kunywa chai yako."

Rekodi ikaanza. Sauti ya Fundi ilikuwa nene, ya mtu anayejisikiliza. Mwalimu alieleza hatua ya kwanza bila shida. Ya pili pia. Kisha Fundi akasema, "Halafu unaichukua ile, unaiweka pamoja na nyingine mpaka inakuwa tayari," na Bi Huenda akaisimamisha.

"Mikono yako inafanya nini?"

"Ninachanganya ile..." Mwalimu akaanza, kisha akakwama.

"Ile ipi?"

"Ile inayohitajika pale. Iko moja tu inayoweza kufaa."

"Amesema?"

"Hajasema."

"Wewe umeijuaje?"

"Kwa sababu... ninaijua."

Hakuna aliyecheka. Bi Huenda aliendelea na rekodi. Baada ya muda mfupi akaisimamisha tena, na Mwalimu akakwama tena. Mara ya tatu hakungoja hata kuulizwa. Aliinamisha kichwa, akashika paji la uso.

"Mungu wangu," alisema. "Hii rekodi imejaa matundu. Mimi ndiye niliyeyaziba."

"Yaani," Afande alisema polepole, "umempa mtu mtihani, ukaufanya wewe mwenyewe, halafu ukampa yeye maksi."

"Ndivyo nilivyofanya."

"Basi nikirudi chuo nitakutafuta wewe unisahihishie."

Hapo ndipo walipocheka, hata Mwalimu, ingawa macho yalikuwa yamemlowa. Alikuwa amewakopesha wauaji akili zake, bila riba wala dhamana, na kwa mkopo huo karibu aufungie mji mzima maji. Ni kosa ambalo mjinga asingeweza kulifanya. Asiyejua kemia angesikia maneno yasiyoeleweka tu. Ilihitaji mtu anayejua sana, tena mwenye huruma, kuisikia sumu kamili katika maneno ya mtu aliyebabaisha.

Lakini alipofuta macho alifanya jambo ambalo Afande alilisimulia miaka mingi baadaye kila alipotaka kueleza mtu mkweli anafananaje. Angeweza kunyamaza. Mlango ulikuwa umefunguka, dada yake alikuwa upande wa pili, na ilikuwa hatua moja tu kuuvuka. Badala yake aliinua kichwa akasema, "Mama, hili bado halitoshi. Kutokusema si kutokujua. Huenda Fundi anajua yote ila ameficha. Hata mimi nisingewaambia wenzangu kila kitu."

Bi Huenda alimtazama, na kwa mara ya kwanza siku ile alitabasamu. "Sasa umekaa kwenye kiti," alisema. "Haya, tutajuaje?"

"Nipe niisikilize tena. Safari hii kama msahihishaji mkali."

"Unaweza?"

"Sijawahi. Ngoja nijaribu."

Alivaa visikizio akageukia ukuta. Kwa miaka mingi alikuwa amesikiliza vijana wakijibu maswali ya ana kwa ana, na ingawa aliwasamehe wote, masikio yake yalijua. Anayeficha alichonacho huruka jambo kwa utulivu, kama mtu anayepita mlango ambao ufunguo wake uko mfukoni. Anayeficha asichonacho hupandisha sauti. Na mwishoni mwa rekodi, mwenzake mmoja alimuuliza Fundi swali la kawaida kabisa, swali ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angelijibu akipiga miayo, na Fundi akafoka: "Unaniuliza maswali ya kitoto, unadhani tuko shuleni?"

Kisha kulikuwa na jambo lingine, ambalo Mwalimu alikuwa amelisikia tangu jana bila kulisikiliza. Fundi alisema, "Tazameni, hii hapa," na ukasikika mfuniko ukifunguka. Watu wakasogea. Mmoja akacheka. Wakaendelea kuzungumza vizuri tu, ndani ya chumba ambacho Afande alithibitisha kilikuwa na dirisha moja, nalo limepigiliwa mbao.

Mwalimu alivua visikizio. "Kama angekuwa amekipata anachosema amekipata," alisema, "asingebaki na pumzi ya kujisifu. Hata huyo aliyecheka asingemaliza kicheko chake. Ndani ya chombo kile kuna kitu kingine. Kitu kidogo. Sumu ya dukani pengine, waliyoikoroga wakaipa jina kubwa."

"Debe tupu haliachi kuvuma," Afande akasema.

"Hata debe lenye kitu kidogo huvuma, Afande," Bi Huenda alimjibu. "Tusirukie furaha. Wewe asubuhi nilikupa kazi yako peke yako, bila kujua Mwalimu anasemaje. Tuambie."

Afande aliweka kikombe chini, na ule utani ukamtoka kama mtu aliyevua kofia. Alikuwa amewazungukia wenye maghala, wenye magari ya mizigo na walinzi wa bwawa. "Bwawa si ndoo," alisema. "Nimemuuliza mhandisi wao. Ili mtu alitie sumu bwawa lile mpaka lidhuru mji, anahitaji foleni ya malori, tena yashushe mchana kweupe walinzi wakiangalia. Hawa ndugu zetu wana pikipiki moja, tena ya kuazima. Hakuna ghala lililokodishwa, hakuna mzigo uliopita. Mimi kemia siijui, lakini mzigo naujua. Mzigo mkubwa hauwezi kutembea mjini bila mtu kuulalamikia."

Kwa hiyo wawili walikuwa wamepita njia mbili, mmoja kwa sikio na mmoja kwa miguu, wakakutana mahali pamoja. Mwingine angeshukuru na kuinuka. Bi Huenda hakuinuka. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo yake, akauliza swali ambalo Mwalimu alilikumbuka kila alipokabidhiwa jalada jipya:

"Sawa, bwawa hawaliwezi. Sasa niambieni wanaweza nini. Mtu aliyeahidi kuua na akashindwa kuua wengi hageuki kuwa mtu mwema. Anatafuta wachache. Maji gani ni machache, yako wazi, na watu wanayaamini?"

Nje mtu alikuwa akipiga honi bila sababu.

"Matangi," Mwalimu alisema. "Ya juu ya paa. Shuleni. Kwenye mabweni."

"Na hospitali," Afande akamalizia, bila kumtazama.

Tathmini waliyoipeleka kwa waziri jioni ile ilikuwa fupi, na chini yake Bi Huenda aliandika jina lake kwa herufi kubwa zaidi ya kawaida. Ilisema: kuangamiza maji ya mji, uwezekano ni mdogo sana. Kutia sumu tangi dogo la taasisi, uwezekano ni mkubwa. Ushauri: maji yasifungwe, walinzi wawekwe kwenye matangi yote ya shule, mabweni na hospitali, kimyakimya, kuanzia sasa.

Waziri alikuwa mtu mwembamba, amelegeza tai, na macho mekundu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa, na mezani kwake simu tatu zililia kwa zamu.

"Mimi nataka neno moja," alisema. "Ndiyo au hapana. Watatia sumu maji, au hawatatia?"

"Mheshimiwa, sina neno moja," Bi Huenda alisema. "Nina haya niliyokuletea."

"Huenda, huenda! Nikiacha maji wazi na watu wakafa, nitawaambia nini, kwamba mama mmoja alisema huenda?"

"Utawaambia jina langu. Liko hapo chini. Na ukifunga, Mheshimiwa, watu watakwenda mtoni na kwenye visima vilivyo karibu na vyoo. Ile mara bomba kuu lilipopasuka tulizika watoto kwa kuhara, na hapakuwa na gaidi yeyote. Adui huyu hana nguvu ya kuyachukua maji yetu. Tukiyafunga, tutakuwa tumemchukulia sisi."

Waziri alimgeukia Mwalimu. "Wewe ndiye mkemia. Asubuhi niliambiwa umesema wanaweza. Jioni umesema hawawezi. Nini kimebadilika?"

Mwalimu alisogea mezani. "Asubuhi nilikosea," alisema. "Nilimsikia mtu anababaisha, nikamsaidia. Na kuna jambo lingine lazima ulijue. Dada yangu anasafishwa damu hospitali ya wilaya. Maji yakifungwa, yeye ni wa kwanza."

Msaidizi wa waziri aliguna. Waziri mwenyewe akaegemea nyuma. "Kwa hiyo unataka maji yabaki kwa ajili ya dada yako."

"Nataka yabaki, ndiyo. Ndiyo maana mkuu wangu hakuniamini peke yangu. Amempa Afande kazi ileile, mbali na mimi, na Afande hana mgonjwa. Na hospitali ile ni mojawapo ya tulizoziandika kwamba ziko hatarini. Nikikosea, atakayekunywa kosa langu ni yeye."

Simu moja ililia. Waziri hakuipokea. Aliisoma tena ile karatasi, taratibu, midomo ikichezacheza kama ya mtoto anayejifunza kusoma. Kisha akawaambia wahandisi waliokuwa wamesimama mlangoni, "Rudini nyumbani. Maji yasifungwe." Na kwa Afande akasema, "Walinzi utawapata."

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Mwalimu alijifunza kwamba kungoja nako ni kazi, na hakuna anayekupa pole kwayo. Kila gari la wagonjwa lililopita barabarani lilimtoa kijasho. Alimwona Bi Huenda akiingia ofisini kila asubuhi na chupa ya maji aliyoyajaza bombani kwake, akinywa bila kujionyesha, kwa sababu tu alikuwa na kiu, na moyo wake ukajaa heshima asiyojua pa kuiweka. Mama yule alikuwa amebeba mji mzima kichwani, na hakuna mtu mtaani aliyejua hata kumpisha njia.

Alhamisi ilikuwa zamu ya dada. Mwalimu aliomba ruhusa akakaa naye. Mashine ilinguruma taratibu, damu ikizunguka ndani ya mirija, na nyuma ya ukuta maji yalisikika yakipita kwenye bomba, shhh, kama mtu anayembembeleza mtoto. Nje ya dirisha, kijana mmoja aliyevaa ovaroli za mafundi alikuwa ameketi juu ya paa kando ya tangi, akila mkate. Dada alimwona.

"Yule fundi gani?" aliuliza. "Tangu Jumanne yuko juu ya tangi, hajakaza hata skrubu moja. Serikali hii inalipa watu kuota jua."

"Labda anakagua."

"Anakagua mawingu. Na wewe, mbona unaukodolea macho huo ukuta? Njoo karibu, nisaidie kukuna hapa, mkono wangu umefungwa."

Alisogea akamkuna bega. Simu yake ikatetemeka mfukoni. Ilikuwa sauti ya Afande, anahema kama aliyepanda ngazi.

"Tumewapata," Afande alisema. "Bweni la wasichana, kule kilimani. Fundi mwenyewe alikuwa ngazini, anapanda na dumu. Kijana wetu alikuwa juu anamsubiri, akampa mkono kama anayempokea mgeni." Akapumua. "Dumu moja, Mwalimu. Lakini lile dumu lingewaingia wale mabinti. Maabara wamesema ni kama ulivyosema, ya dukani. Wangeugua vibaya, na wadogo huenda wasingepona."

Mwalimu aliugeukia ukuta. Aliishika ile simu, akayasikia maji yakiendelea kupita nyuma ya ukuta.

"Umemwambia Mama?" aliuliza hatimaye.

"Nimemwambia. Unajua amesemaje? Ameuliza kama wasichana wameogopa. Halafu akasema walinzi wasishuke kwenye matangi mpaka tuwe tumejua hakuna mwingine. Hata asante sijapata."

"Utaipata."

"Nishaipata. Nilimsikia akilia kabla hajakata."

Mwalimu alirudisha simu mfukoni. Dada alikuwa akimtazama kwa makini, jinsi alivyomtazama zamani aliporudi shuleni akiwa ameficha jambo.

"Habari mbaya?"

"Hapana, dada. Nzuri."

"Basi mbona machozi? Wewe mtoto una mambo. Habari nzuri unalia, mbaya unanyamaza." Akanyoosha ule mkono usiofungwa, akamfuta shavu kwa kiganja, kwa nguvu kidogo. "Sitakuuliza. Kazi zenu za serikali ni za siri, najua. Niambie tu kama umekula."

"Sijala."

"Nilijua. Nesi! Bado muda gani? Huyu mtu ana njaa."

Nesi alikuja, akasoma namba za mashine, akasema bado kidogo. Mwalimu alivuta kiti akakaa karibu zaidi, akaushika mkono wa dada ulio huru, wakangoja pamoja mpaka mashine ilipomaliza.